Kabla ya kukata bati: historia ya picha zinazogeuza magari ya kale



Fundi mmoja wa mabodi ya magari alinionyesha simu yake hivi karibuni. Alikimbia vita pamoja na familia yake. Garaji aliiacha nyuma, na chombo cha kuchomelea, nyundo na msumeno wa chuma vilibaki humo. Ndani ya simu kulikuwa na picha ya Mercedes ya zamani, lakini si kama tunavyoijua. Paa lilikuwa limeshuka, bampa imeondolewa, na matairi ya nyuma yalijificha nusu ndani ya bodi.

“Hii gari iko wapi?” nikamuuliza.

“Iko hapa tu, ndani ya simu.”

Mzee mmoja aliyekaa karibu nasi akatikisa kichwa. “Kijana wangu, picha haibebi abiria,” akasema. Fundi akanyamaza kwa heshima. Mimi nilirudi nyumbani na neno lile kichwani, nikaona nilitafutie jibu katika historia. Kwa maana kazi ya kuchora gari jipya juu ya gari la kale ilianza zamani, kabla ya simu na kabla ya kompyuta. Ilianza kwa sababu watu walikata kwanza, wakajuta baadaye.

Udongo kwanza, chuma baadaye

Twende kwanza Marekani. Mwaka 1927 kampuni ya General Motors ilimwita Detroit kijana wa California aitwaye Harley Earl. Baba yake alikuwa na karakana ya mabodi huko Los Angeles, na Earl alizoea kuwatengenezea wacheza sinema magari ya kipekee. Yeye hakuanza na chuma. Alichora, kisha akafinyanga gari kwa udongo. Ukikosea kwenye udongo, unakwangua na kuongeza. Ukikosea kwenye bati, umeharibu bati, siku za kazi na fedha.

Njia hiyo ilienea katika viwanda vikubwa. Lakini fundi wa mtaani hakuwa na chumba cha udongo wala wachoraji wa mshahara. Alikuwa na macho yake, chaki, na gari la mteja.

Vijana wa California na lile Mercury

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vijana wengi wa California walinunua magari yaliyokwisha kutumika, kwa sababu mapya yalikuwa ghali. Walitaka yasifanane na ya jirani. Ndipo majina ya ndugu wawili, George na Sam Barris, yakaanza kusikika. George alikuwa mtu wa maneno na maonyesho. Sam alikuwa na mkono wa chuma. Karakana yao ilikuwa Lynwood, karibu na Los Angeles.

Gari lililowapa sifa ni Mercury ya miaka ya 1949 hadi 1951. Sam alikata paa la Mercury yake mwenyewe ya 1949, mojawapo ya za kwanza kabisa kukatwa za aina hiyo. Mwaka 1952 kijana aitwaye Bob Hirohata, Mmarekani wa asili ya Kijapani, aliwaletea Mercury yake ya 1951. Walishusha paa, wakaondoa nguzo za katikati ya madirisha, wakaweka mapambo ya ubavuni kutoka gari la Buick, wakapaka rangi mbili za kijani. Mpaka leo gari hilo linajulikana kwa jina lake: Hirohata Merc.

Tuseme kidogo maana ya kukata paa, maana ndipo uzito wa habari hii ulipo. Nguzo zinazobeba paa hazikusimama wima. Zimeinama, za mbele zinarudi nyuma na za nyuma zinakuja mbele. Ukikata kipande cha inchi 4 kila nguzo na kushusha paa, vichwa vya nguzo havikutani tena na miguu yake. Lazima uongeze bati katikati ya paa, au ulaze nguzo upya, au usogeze kioo cha nyuma. Na kioo kilichopinda hakikatwi ovyo, hupasuka. Mafundi wa wakati ule walijaza mianya kwa risasi iliyoyeyushwa, kisha wakapiga tupa mpaka bati likawa laini kama shavu la mtoto.

Kwa hiyo, kabla ya kuwasha msumeno, swali lilikuwa moja: je, litapendeza? Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Gari lililokatwa vibaya halirudi kiwandani. Mafundi wakajifunza kuchukua picha ya gari kutoka ubavuni, kuweka juu yake karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, na kuchora paa jipya kwa penseli. Wengine walikata picha yenyewe kwa mkasi, wakashusha kipande cha paa, wakagandisha kwa gundi. Magazeti ya magari nayo yakachapa michoro ya namna hiyo, ili msomaji aone gari lake linavyoweza kuwa.

Mchoro uliozaa gari

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Detroit. Ndugu wengine wawili, Mike na Larry Alexander, walikuwa na karakana ya mabodi huko. Miaka ya 1960 walishirikiana na mchoraji Harry Bradley, aliyekuwa mwajiriwa wa General Motors. Bradley alichukua gari dogo la mizigo, Dodge A100, ambalo sura yake ni kama sanduku, akalichora upya kabisa. Kwenye mchoro wake milango ya ubavuni haikuwepo. Dereva angeingia kwa mbele.

Ndugu hao wangeweza kucheka. Badala yake waliuchukua mchoro kama ramani. Kioo cha mbele walikipata kwenye mlango wa nyuma wa gari la familia la Ford, nacho kikafunguka kwenda juu ili mtu aingie. Injini waliihamishia nyuma. Gari hilo, lililoitwa Deora, lilionyeshwa Detroit mwaka 1967 na kushinda tuzo ya Ridler, ambayo ni heshima kubwa kwa mafundi wa magari ya namna hii. Bradley baadaye alikwenda kuchora magari ya watoto ya Hot Wheels, na Deora ikawa mojawapo ya yale 16 ya kwanza mwaka 1968. Watoto waliolisukuma sakafuni walikuwa wanasukuma kitu kilichoanza kama penseli juu ya karatasi.

Hesabu inaingia garajini

Wakati huohuo, ng'ambo ya bahari, Wafaransa wawili walikuwa wanahangaika na shida moja: namna ya kuieleza mashine mkunjo wa bodi ya gari. Mstari ulionyooka ni rahisi, unataja mwanzo na mwisho. Lakini ubavu wa gari unapinda polepole, na mchoraji na fundi kila mmoja anauona kwa jicho lake.

Paul de Casteljau wa kampuni ya Citroën alipata njia ya hesabu mwishoni mwa miaka ya 1950, lakini kampuni iliifanya siri. Pierre Bézier wa Renault aliifikia njia ya namna hiyo miaka ya 1960, naye akaruhusiwa kuitangaza. Ndiyo sababu mikunjo hiyo inaitwa kwa jina la Bézier. Kila mara unapovuta mstari kwenye programu ya kuchorea na mstari ukapinda vizuri, unatumia kazi iliyoanzia kwenye mabodi ya magari. Marekani nako, mwaka 1964, General Motors na IBM walionyesha mtambo wa kompyuta uitwao DAC-1, uliosaidia kubuni magari kwenye kioo. Mashine hizo zilikuwa za matajiri tu. Fundi wa mtaani aliendelea na karatasi na gundi.

Mlango wake ulifunguka mwaka 1990. Thomas Knoll, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Ann Arbor, mji ulio karibu na Detroit, aliandika programu ya kuonyesha picha kwenye kompyuta. Ndugu yake John, aliyefanya kazi za sinema California, akaona inaweza kufika mbali. Kampuni ya Adobe ikaitoa kwa jina la Photoshop. Mwaka 1994 zikaongezwa tabaka: unaweza kuweka paa kwenye tabaka moja, matairi kwenye jingine, rangi kwenye la tatu, ukabadilisha moja bila kugusa mengine. Ile karatasi nyembamba ya mafundi wa zamani ikawa imeingia ndani ya kompyuta, na haichaniki.

Hata hivyo penseli haikufa. Tangu 2004, katika kipindi cha televisheni Overhaulin', Wamarekani walimwona Chip Foose akichora kwa mkono gari la kale jinsi litakavyokuwa, kisha mafundi wake wakilijenga kwa wiki moja. Mchoro ule ulikuwa makubaliano. Kila fundi, wa bati, wa rangi na wa viti, aliutazama na kujua anakwenda wapi.

Picha inavyosema kweli, na inavyodanganya

Hapa ndipo ninamjibu mzee wetu. Picha ya gari ambalo bado halijatengenezwa ina kazi tatu.

Kwanza, inazuia ugomvi. Mteja anasema “nishushie paa kidogo”. Kidogo ya mteja si kidogo ya fundi. Wakiangalia picha moja na kukubaliana, hakuna atakayesema baadaye hakuelewa.

Pili, inalinda gari lenyewe. Magari ya kale hayaongezeki. Ukilikata la asili, limepungua moja. Kwenye picha unaweza kulikata mara mia, na asubuhi liko zima. Mara nyingine mwenye gari akishaiona picha, anaamua kuliacha lilivyo.

Tatu, inapima. Lakini hapo lazima ifanywe kwa uaminifu. Simama mbali, piga picha kutoka ubavuni, simu ikiwa kwenye kimo cha kitasa cha mlango. Ukisogea karibu sana, pua ya gari itavimba na vipimo vitadanganya. Kisha tumia tairi kama rula. Ikiwa tairi lina sentimita 66 na kwenye picha linachukua nukta 330, basi kila sentimita moja ni nukta 5. Ukishusha paa nukta 50, umekata sentimita 10 za bati. Tairi usilinyooshe wala kulibana. Likipoteza umbo la duara, vipimo vyote vimeharibika.

Asiyefuata hayo anatengeneza ndoto tu. Siku hizi mitandao imejaa picha za magari yasiyoweza kuwepo: tairi halina nafasi ya kukata kona, mlango hauna bawaba, dereva hana pa kuweka kichwa. Akili mnemba imeongeza wingi wake, kwa kuwa inachora upesi bila kujua bati linashikwaje. Hapo mzee ana haki. Picha ya namna hiyo haibebi abiria, na haitabeba kamwe.

Kuhusu gharama, kuna habari njema. Programu ya GIMP, inayofanya kazi nyingi za Photoshop, ni ya bure. Blender, inayojenga gari zima ambalo unaweza kulizungusha na kulitazama kila upande, nayo ni ya bure. Mwaka 2002 kampuni iliyoimiliki ilikuwa imefungwa. Watumiaji wake wakachanga euro 100,000 ndani ya wiki saba, wakaikomboa ili iwe ya wote. Tunaojua michango ya msibani na ya harusi tunaelewa jambo hilo bila kufundishwa.

Gari lililosahauliwa

Turudi kwa Hirohata Merc. Baada ya umaarufu wake liliuzwa, likapita mikononi mwa watu. Mwaka 1959 mwanafunzi mmoja wa sekondari alilikuta linauzwa kama gari la kawaida lililotumika, akalinunua kwa dola 500. Likakaa naye miaka mingi, baadaye likatengenezwa upya. Mwaka 2022 lilipigwa mnada kwa karibu dola milioni 2. Bati ni lilelile la Mercury. Kilichopandisha bei ni macho ya watu walioona sura nyingine ndani yake, na mikono iliyojua wapi pa kukata.

Nilirudi kwa yule fundi kumsomea niliyoandika. Mzee naye alikuwepo, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba aonyeshwe simu tena. Akaitazama ile Mercedes kwa muda. “Na hapa nyuma,” akauliza, “mtu mrefu ataketi wapi?”

Fundi akacheka, akakubali. Akafungua picha, akapandisha paa kwa sentimita 3, akaandika kipimo kipya pembeni. Vipimo vyote amevihifadhi hivyo, nguzo kwa nguzo, kwenye simu na kwenye daftari la mtoto wake wa shule. Anasema siku atakayorudi na kupata msumeno, hatahitaji kufikiri upya.

Fundi mwenye picha au swali la namna hii atufikie redioni. Tutazungumza.