Ukali wa Mazoezi na Unyumbufu wa Ubongo kwa Watu Wazima Waliozoea Kukaa

Mtu mzima anayeshinda kitini afanye mazoezi makali kiasi gani ili ubongo wake ufaidike? Tafiti zimelijibu swali hili kwa namna zinazokinzana. Makala haya yanadai kwamba ukinzani huo una vyanzo viwili: kupima ukali bila kuzingatia uwezo wa mhusika, na kuchanganya mabadiliko ya ubongo yanayodumu kwa dakika chache na yale yanayojengeka kwa miezi. Vyanzo hivyo vikitenganishwa, inadhihirika kwamba kwa mtu wa aina hii mazoezi ya wastani yanayopandishwa taratibu ndiyo msingi, na ukali wa juu ni hatua ya baadaye.

Unyumbufu wa ubongo ni uwezo wake wa kubadili muundo na utendaji, kwa mfano kwa kuimarisha sinapsi zinazounganisha seli za neva. Mwaka 1995, Carl Cotman na wenzake walionyesha kwamba panya wanaokimbia huongeza uzalishaji wa BDNF, protini inayolea seli hizo. Mwaka 1999, Henriette van Praag, Fred Gage na wenzao katika Taasisi ya Salk, California, waligundua kwamba mbio huchochea seli mpya kuzaliwa na kudumu katika hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Utafiti wa mwaka 2019, nao wa panya, ulibaini kwamba laktati inayotoka kwenye misuli huingia katika ubongo na kuchochea BDNF. Kwa kuwa misuli hutoa laktati nyingi zaidi kadiri kazi inavyokuwa ngumu, dhana kwamba ukali una faida ina mashiko ya kibiolojia.

Hata hivyo, ushahidi mzito kwa binadamu wasiofanya mazoezi umetokana na kutembea. Kirk Erickson, Arthur Kramer na wenzao, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, waliwagawa kwa bahati nasibu watu 120 wenye umri wa miaka 55 hadi 80. Kundi moja lilitembea siku tatu kwa wiki, lingine likafanya mazoezi ya kunyoosha viungo. Baada ya mwaka mmoja, hipokampasi ya watembeaji ilikuwa imeongezeka kwa takriban asilimia 2, ilhali ya kundi la pili ilikuwa imesinyaa kwa asilimia 1.4. Watembeaji walianza na dakika 10, wakafikia 40 katika wiki ya saba. Ukali nao ulipandishwa, kutoka asilimia 50–60 ya akiba ya mapigo ya moyo hadi asilimia 60–75.

Akiba hiyo ni tofauti kati ya mapigo ya juu kabisa na mapigo ya mtu akiwa amepumzika. Tuchukue mtu wa miaka 55 mwenye mapigo 75 akipumzika. Kwa kanuni ya kutoa umri kutoka 220, kilele chake ni 165 na akiba yake ni 90. Asilimia 60 ya akiba humfikisha kwenye mapigo 129 kwa dakika. Aliyezoea kukaa anaweza kufika hapo kwa kutembea haraka tu, wakati mkimbiaji wa umri huohuo atalazimika kukimbia. Kasi moja, basi, ni ukali tofauti kwa miili tofauti.

Tafiti za zoezi la mara moja hupima jambo jingine: jinsi gamba la ubongo linaloongoza misuli linavyoitikia msisimko wa sumaku muda mfupi baada ya zoezi. Hapo matokeo yamegongana. Utafiti wa Australia wa mwaka 2013 uliona mwitikio bora baada ya kuendesha baiskeli kwa ukali wa chini kuliko wa wastani. Mwingine wa huko, wa mwaka 2020, uliona vipindi vifupi vya ukali wa juu vikizidi mazoezi ya wastani. Mwitikio wa muda mfupi wa gamba hilo hauwezi kutupa hukumu kuhusu hipokampasi baada ya mwaka.

Watetezi wa ukali wa juu wana hoja ya kweli. Katika jaribio la Queensland, Australia, lililochapishwa mwaka 2024, wazee waliofanya vipindi vya ukali wa juu kwa miezi sita ndio walioboresha ujifunzaji unaotegemea hipokampasi, na faida hiyo ilionekana hadi miaka mitano. Lakini huko Trondheim, Norway, picha za MRI za wazee 105 waliofuatiliwa kwa miaka mitano hazikuonyesha kwamba mazoezi ya kusimamiwa, makali au ya wastani, yalihifadhi ujazo wa ubongo kuliko kufuata mwongozo wa kitaifa wa mazoezi. Kundi la ulinganisho, lililofuata mwongozo huo, halikuwa la watu wa kukaa tu. Nalo lilishauriwa kufanya mazoezi. Kwa hiyo, huenda tofauti kati ya viwango vya ukali ni ndogo kuliko tofauti kati ya kufanya mazoezi na kutofanya.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali. Madaktari na walimu wa mazoezi wawaanzishe watu waliozoea kukaa kwenye mwendo wa haraka, wapime mapigo yao, na wapandishe ukali baada ya wiki kadhaa, wakiwachunguza kwanza wenye maradhi ya moyo. Watafiti nao waripoti ukali kwa kipimo cha uwezo wa kila mshiriki, la sivyo matokeo yao hayatalinganishika.