Taarifa ya bomba bovu imfikie fundi: kuunganisha daftari la mtandaoni na kundi la ujumbe

Pampu ikikwama au bomba likipasuka kijijini, kwa kawaida habari hupita mdomo kwa mdomo. Aliyekuta kituo kimekauka anamwambia balozi, balozi anamwambia mwenyekiti, mwenyekiti anampigia fundi. Mahali pengine habari huandikwa kwenye kundi la WhatsApp, ikafunikwa na salamu, michango ya harusi na matangazo ya msiba. Siku tatu baadaye fundi anasema hakuambiwa, na kila mmoja alidhani mwenzake amemwambia.

Katika makala haya tunaeleza njia moja ya kufupisha safari hiyo kwa kutumia simu, bila kumlipa mtaalamu wa kompyuta. Tunatumia mfano wa kamati ya maji, lakini njia ni ileile kwa kikundi cha wafugaji, chama cha ushirika au wahudumu wa afya ngazi ya jamii.

Vitu vitatu vinavyounganishwa

Cha kwanza ni kanzidata ya mtandaoni. Kanzidata ni daftari lenye mpangilio: kila taarifa ina mstari wake, na kila mstari una safu zilezile, kama vile tarehe, namba ya kituo na aina ya tatizo. Ikiwa mtandaoni, haikai ndani ya simu ya katibu. Inahifadhiwa kwenye kompyuta za kampuni inayotoa huduma, hivyo simu ya katibu ikiibiwa au ikitumbukia kisimani, daftari halipotei. Airtable ni kanzidata ya namna hiyo. Google Sheets ni jedwali tu, lakini linatosha kwa kazi ya kamati ya kijiji.

Cha pili ni programu ya ujumbe wa kikundi. Maofisini wengi hutumia Slack. Kwa kijijini Telegram inafaa zaidi, kwa sababu ni ya bure na tangu mwaka 2015 inaruhusu roboti za ujumbe, yaani akaunti zinazoendeshwa na programu badala ya mtu. Kundi la kawaida la WhatsApp halifai kwa kazi hii. WhatsApp ina huduma maalumu kwa biashara, lakini anayeunganisha namba ya kawaida kwa njia za panya anaweza kufungiwa namba hiyo.

Cha tatu ni daraja kati ya hivyo viwili. Zapier ya Marekani, iliyoanza mwaka 2011, ni daraja mojawapo. Jingine ni Make, ambayo hadi mwaka 2022 iliitwa Integromat. Huandiki programu yoyote. Unachagua kwenye orodha tu: "mstari mpya ukiingia kwenye jedwali hili, tuma ujumbe kwenye kundi lile."

Hatua kwa hatua

1. Katibu anatengeneza fomu fupi kwa Google Forms yenye maswali manne: namba ya kituo, tatizo, jina la anayetoa taarifa na simu yake. Majibu yote yanaingia yenyewe kwenye jedwali la Google Sheets.

2. Kwenye Telegram anafungua akaunti iitwayo BotFather, ambayo ndiyo hutengeneza roboti mpya. Atapewa ufunguo, yaani mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Ufunguo huo ni siri kama namba ya siri ya pesa za kwenye simu, kwani mwenye nao anaweza kutuma ujumbe kwa jina la roboti yenu.

3. Anaiingiza roboti kwenye kundi la mafundi na viongozi wa kamati.

4. Kwenye daraja anachagua jedwali, kisha kundi, kisha anaandika muundo wa ujumbe: "Kituo namba … kina tatizo: … Fundi wa zamu ajibu."

5. Anajaza fomu ya majaribio na kusubiri. Daraja la bure mara nyingi hukagua jedwali kila baada ya dakika 15, kwa hiyo ujumbe usipotokea papo hapo msihangaike.

Kazi hii ni rahisi zaidi kwenye kompyuta, hata ya kuazima shuleni au kwenye ofisi ya kata. Ikishamalizika, simu inatosha.

Mwenye kitochi hajaachwa. Anampigia katibu au mtunza kituo, naye anamjazia fomu. La msingi ni kwamba taarifa zote ziingie kwenye daftari moja.

Hesabu kabla ya kulipa

Huduma ya bure ya Zapier inaruhusu kazi 100 kwa mwezi, na kila ujumbe unaotumwa ni kazi moja. Chukulia kijiji chenye vituo 30 kinachopata taarifa 40 za uharibifu kwa mwezi. Ukiongeza ujumbe mmoja wa majaribio kila siku, jumla ni 70, na hamlipi kitu. Lakini mkitaka kila kituo kitume pia mauzo ya maji ya kila siku, hizo peke yake ni kazi 900 kwa mwezi, na mgao wa bure utaisha siku ya nne. Kwa hiyo tumeni kwenye kundi jambo linalomtaka mtu anyanyuke. Mengine yabaki kwenye jedwali yasubiri kikao.

Kimya kisiwadanganye

Hatari kubwa ya mnyororo huu ni kukatika bila mtu kujua. Mtu akihamisha safu za jedwali, akibadilisha neno la siri au akaitoa roboti kwenye kundi kwa bahati mbaya, ujumbe unaacha kufika. Makosa yakijirudia, daraja linaweza kujizima lenyewe, na onyo huenda kwenye barua pepe ya aliyefungua akaunti, ambayo huenda haisomi mara kwa mara. Kundi linakaa kimya, mafundi wanaamini vituo vyote vinatoa maji, kumbe akina mama wameshaanza kwenda mtoni.

Dawa yake ni ndogo. Kila siku saa 1 asubuhi mtu wa zamu ajaze fomu kwa neno "jaribio". Ujumbe usipoonekana kwenye kundi hadi saa 2, apige simu kwa katibu, na siku hiyo taarifa zote zipite kwa simu kama zamani. Pia watu wawili wawe na uwezo wa kuingia kwenye akaunti, ili mmoja akisafiri au akiugua kazi isisimame.

Na ujumbe kufika si sawa na pampu kutengenezwa. Ongezeni safu mbili upande wa kulia wa jedwali: jina la fundi aliyepokea na tarehe maji yaliporudi. Mkutano mkuu wa kijiji ukikaa, mtaonyesha kituo kipi kilikaa siku ngapi bila maji. Hapo wananchi wanauliza wakiwa na tarehe mkononi, na fundi anayefanya kazi yake naye analindwa dhidi ya lawama za uongo.

Majina na namba za watu

Anayetoa taarifa wakati mwingine analalamika pia kuhusu mkusanya fedha au jirani aliyejiunganishia maji kwa siri. Jina lake likiingia kwenye kundi la watu 60, haliwezi kurudishwa. Kwa hiyo ujumbe wa kundi ubebe namba ya kituo na tatizo tu. Swali la "tatizo" liwe la kuchagua: hakuna maji, bomba limepasuka, pampu imekwama. Mtu asipewe nafasi ya kuandika majina hapo. Jina na simu vibaki kwenye jedwali, ambalo linafunguliwa na wachache waliokubaliwa na kamati.

Hili ni suala la sheria pia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Mwelezeni mtu kabla hajajaza fomu kwamba namba yake inachukuliwa ili fundi aweze kumpigia, na isitumiwe kwa jambo jingine.

Maswali ya kujibu kikaoni

Kabla ya kufungua akaunti yoyote, kamati ikubaliane: Nani fundi wa zamu kila wiki? Nani anashika ufunguo wa roboti? Nani anaruhusiwa kufungua jedwali? Bando la katibu linalipwa na mfuko upi? Anzeni na vituo vitano kwa mwezi mmoja, mkiendelea na simu za kawaida sambamba. Mwisho wa mwezi linganisheni taarifa zilizopita simu na zilizopita kwenye kundi. Zikilingana, ongezeni vituo vingine.