Waziri wa Kwanza wa Afya Alikuwa Daktari wa Kliniki za Mtaani

Wasee, kila nikiingia mtandaoni naskia ati daktari wa kwa simu amekuja kuua kliniki za mtaa. Hiyo story tunaianzia mwisho. Tuanze mwanzo.

Nairobi ya mkoloni ilitibu watu kwa rangi ya ngozi. Mwafrika alikuwa na hospitali yake iliyoanza 1901, ile leo tunaiita Kenyatta. Mzungu alijengewa European Hospital mwaka 1954, ambayo sasa ni Nairobi Hospital. Njoroge Mungai aliporudi 1959 na udaktari wake wa Stanford, Marekani, alifungua kliniki zake mwenyewe Thika, Riruta na Embu. 1963 akawa waziri wa kwanza wa afya. Yaani nchi ilimkabidhi afya yake mtu aliyejua kuendesha kliniki bila mdosi.

Kliniki kama hizo zilisimama juu ya kitu kimoja: mgonjwa analipa daktari, mkono kwa mkono. Hakuna mtu katikati.

Halafu wa katikati wakaanza kuja. NHIF ilianzishwa 1966, lakini kwa miaka mingi ililipia hasa waliolazwa. Daktari wa vyumba viwili, bila kitanda, hakuona hiyo pesa. Kampuni za bima nazo zikaleta orodha zao za mahali mtu anaweza kutibiwa. Leo mgonjwa akifika mlangoni, kabla aseme anaumwa wapi, anauliza: hii kadi mnakubali?

Wakaja pia wenye mitaji. Abraaj ya Dubai iliingia kwa hospitali za Avenue na Metropolitan hapa Nairobi. 2018 Abraaj ikaanguka, na 2019 mfuko wake wa afya ukashikwa na TPG ya Marekani. Mgonjwa alikuwa kwa foleni ile ile, lakini mwenye mali alikuwa amebadilika mara mbili.

Na simu je? Si kitu kipya. Safaricom ilikuwa na namba ya 1525 ya kuongea na daktari tangu 2011, na kliniki za mtaa hazikufa. Korona ya 2020 ilitufanya tu tuizoee.

Kwa hivyo mimi siogopi simu. Naogopa deni. Hospitali za kibinafsi zimelia hadharani kuhusu pesa za NHIF, na tangu SHA ichukue nafasi yake Oktoba 2024 kilio hakijaisha. Kampuni yenye matawi kumi inaweza kukopa ikingoja kulipwa. Daktari mmoja pale Kayole ana kodi ya nyumba, nesi wa kulipa na dawa za kununua mwezi huu. Akifunga, wenye matawi watachukua wagonjwa wake bila hata kumnunua.

Wengine watasema sawa, wakubwa wana mashine bora. Ni kweli, na ukivunjika mguu nenda huko. Lakini mama mwenye presha anahitaji mtu anayekumbuka dawa aliyopewa Machi na kwa nini aliiacha. Huyo ndiye tunampoteza.

Tukidai kitu kwa serikali, tudai kliniki ndogo zilipwe kwanza, na kwa wakati. Na wewe ukitaka daktari wa kwa simu, anza na yule wa mtaa wako. Muombe namba. Wengi watakupea.