Lile gitaa la besi la kwaya yetu halikuwa aibu



Kwaya yetu kule Masisi ilikuwa na gitaa moja la besi, kazi ya seremala wa kijiji. Mwili wake ulikuwa ubao wa libuyu uliopanda na kamioni kutoka Walikale. Vile vyuma vya shingoni vilikuwa rayo za kinga, nyuzi zilikuwa kebo za freni, na sumaku ilitoka kwenye bafle iliyokufa. Rangi nyekundu alipewa na vijana wanaopaka moto.

Nikiwa mwanafunzi, nilirudi likizo na picha ya Fender kwenye simu. Nikaionyesha mbele ya kwaya yote: «Hii ndiyo besi. Ile yetu ni ubao tu.» Watu wakacheka. Papa seremala hakukasirika. Aliangalia picha muda mrefu, akaniuliza: «Mutoto yangu, na bale bazungu balianzaka na nini?»

Sikuwa na jibu. Leo ninalo.

Walianza na shida. Kabla ya 1951, mpiga besi alibeba kontrabasi kubwa kuliko yeye mwenyewe, na ngoma na tarumbeta zikianza hakuna aliyemsikia. Leo Fender wa Fullerton, California, alikuwa fundi wa redio. Hata gitaa hakujua kupiga! Mwaka huo alitoa Precision Bass: ubao bapa, shingo ndefu, nyuzi 4, na vyuma shingoni ili kidole kisikose noti. Jina lake limetoka hapo.

Uzuri ulikuja polepole, tena kwa sababu za kazi. Ile pembe ndefu ya juu inashika mkanda, shingo isivute gitaa chini. Kufika 1954 kingo zilichongwa ili ubao usimuumize mpigaji mbavuni. Mwaka 1957 kichwa na bamba la mbele vikapata sura tunayoijua hadi leo. Mwaka 1960 ikatoka Jazz Bass, yenye kiuno kilichopinda upande na shingo nyembamba zaidi.

Mwaka huohuo wa 1960, African Jazz ya Joseph Kabasele ilipoenda Brussels wakati wa Meza ya Duara, Brazzos wa OK Jazz ndiye aliyeshika besi. Baadaye picha za orkestra za Kinshasa zilifika hadi milimani kwetu. Papa aliniambia umbo la gitaa letu alilichora kwa kuangalia jalada la diski.

Na mti? Tangu 1956 Fender ilitumia sana alda, mti wa magharibi mwa Marekani, mwepesi, uliopatikana karibu na unaopokea rangi vizuri. Sisi wa kilimo tunamjua ndugu yake: Alnus acuminata, ule wa agroforesteri, unaopandwa kwenye matuta ya Rwanda jirani kwa sababu unakua haraka na mizizi yake inaongeza azoti udongoni. Nilifanya mtihani juu ya mti huo, na bado nikadhani gitaa la kwenye picha limetoka kwenye mti wa ajabu.

Rangi nayo ndiyo ilinimaliza. Zile rangi nzuri za Fender ambazo leo watu wanazilipia pesa nyingi zilikuwa rangi za magari. Fiesta Red ilikuwa rangi ya Ford Thunderbird. Yaani Fender alipita njia ileile aliyopita Papa: mti unaopatikana, akili ya redio, rangi ya garaji. Tofauti yake ni kiwanda, soko, na amani ya kufanya kazi miaka mingi mahali pamoja.

Hiyo amani sisi hatukuipata. Tulipokimbia mwaka 2024, besi ilibaki kanisani. Sijui kama iko, ao ilikuwa kuni. Papa yuko hapa Goma, anatengeneza vitanda. Jumapili nilimsomea maneno haya na kumuomba msamaha. Alicheka kidogo, akauliza kama Fender naye rangi alipewa bure.

Hatuna hata picha moja ya gitaa lile. Kwenye simu yangu kulikuwa na Fender tu. Basi, ndugu zangu wa Masisi na Walikale, kama kwaya yenu ilikuwa na gitaa la seremala na picha ipo, itumeni hapa. Andikeni na jina la mti.