Kutoka Santuri hadi Nishani: Waimbaji wa Taarabu wa Zanzibar na Heshima Iliyochelewa

Katika historia ya muziki wa pwani ya Afrika Mashariki, wanawake wawili wa Unguja, Siti binti Saad na Fatuma binti Baraka aliyejulikana zaidi kwa jina la Bi Kidude, ndio wanaoonyesha kwa uwazi zaidi jinsi jamii ya Waswahili ilivyowatukuza waimbaji wake. Maisha yao yakiunganishwa yanachukua zaidi ya karne moja, tangu enzi ya Sultani Barghash hadi Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, na katika kipindi hicho heshima ya mwimbaji ilibadilika sura mara kadhaa: ilianza kama fadhila ya bwana mkubwa, ikawa shangwe na tuzo za wasikilizaji, ikaingia katika santuri na vitabu, na hatimaye ikafikia hatua ya nishani ya serikali. Wasikilizaji wa kawaida walizitambua sauti hizo miaka mingi kabla ya taasisi yoyote kufanya hivyo.

Taarabu, yaani uimbaji wa mashairi unaosindikizwa na ala kama udi, kanuni, fidla na dumbaki, ilistawi Zanzibar katika kasri la Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Inaelezwa kwamba Sultani huyo aliwaleta wanamuziki kutoka Misri na kumpeleka Mohamed Ibrahim mjini Cairo akajifunze kupiga kanuni, ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani. Mwaka 1905 ilianzishwa Nadi Ikhwan Safaa, klabu ya watu waliopenda muziki huo, ambayo ingali hai hadi leo. Nyimbo zilikuwa za Kiarabu, waimbaji walikuwa wanaume, na aliyesifiwa alisifiwa na watu wachache wenye nafasi ya kuketi barazani kwa wakubwa.

Siti binti Saad alitoka nje kabisa ya duara hilo. Alizaliwa Fumba, kusini mwa Unguja, yapata mwaka 1880, katika familia ya wafinyanzi waliokuwa na asili ya utumwa, na jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Alizunguka akiuza vyungu, na sauti aliyonadia bidhaa yake ilimpatia sifa kabla hajaitwa mwimbaji. Baada ya kuhamia mjini mwaka 1911 alifunzwa na Ali Muhsin, mtu wa taarabu aliyeutambua uwezo wake, kisha akajiunga na wapigaji ambao majina yao yanastahili kutajwa kila anapotajwa yeye, wakiwemo Subeit bin Ambar, Mbaruku, Buda bin Swedi na Mwalimu Shaaban. Kundi hilo lilialikwa katika majumba ya matajiri na kasri la Sultani, lakini makao yake hasa yalikuwa Ng'ambo, upande wa mji walikoishi mafundi, wachuuzi, wapagazi na watu waliotoka utumwani, na huko ndiko nyimbo za Kiswahili zilikopata wasikilizaji walioelewa kila neno na kila fumbo.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walisafiri hadi Bombay, India, wakarekodiwa na kampuni ya santuri iliyotumia alama ya His Master's Voice, naye akahesabiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodiwa kwa lugha ya Kiswahili. Santuri ni sahani ya kuhifadhia sauti iliyochezwa kwa gramafoni ya kuzungushwa kwa mkono, na upande mmoja wa sahani za wakati huo ulibeba takriban dakika tatu tu. Sharti hilo halikuwa dogo. Taarabu ya ukumbini hujinyoosha, mwimbaji hurudia ubeti kadiri wasikilizaji wanavyosisimka, na msikilizaji anayeguswa hunyanyuka kumtuza fedha hadharani, pengine akiyaelekeza maneno ya wimbo kwa mtu anayemkusudia. Ndani ya santuri vyote hivyo viliondolewa, ikabaki sauti, ala na shairi lililokatwa. Hata hivyo mauzo yalikwenda kwa maelfu, mikahawa ya Mombasa, Lamu, Tanga na Dar es Salaam ikacheza nyimbo hizo kwa wateja, na kampuni nyingine za kurekodi zikaelekea Zanzibar kutafuta waimbaji wa namna yake.

Umashuhuri huo haukutokana na uzuri wa sauti peke yake, kwa kuwa nyimbo za kundi la Siti zilisema mambo ambayo watu wa Ng'ambo waliyazungumza kwa sauti ya chini. Mfano unaojulikana sana ni wimbo wa Kijiti, unaosimulia kisa cha mwanamke mgeni aliyeuawa na mwanamume aliyetorokea bara, huku wanawake waliokuwa wenyeji wake ndio waliobebeshwa adhabu ya mahakama. Wimbo uliotaja waziwazi hukumu ya aina hiyo, ukaimbwa na mwanamke asiye na ukoo mkubwa mbele ya watu wa kila tabaka, ulikuwa kitendo cha ujasiri mkubwa, na haishangazi kwamba kumbukumbu ya kisa chenyewe imedumu kupitia wimbo ilhali wengi wasingejua hata pa kuanzia kukitafuta katika majalada ya mahakama.

Siti alifariki dunia Julai 1950. Baada ya kifo chake Shaaban Robert, mshairi na mwandishi mkubwa wa Kiswahili wa zama zile, alichapisha Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu kinachosimulia maisha yake kama mfano wa juhudi na subira. Uzito wa tukio hilo haujathaminiwa vya kutosha. Fasihi ya Kiswahili ilikuwa na tenzi za mashujaa, mitume na masultani, na hapa mwandishi aliyeheshimiwa kuliko wote alichagua kuandika kitabu kizima cha nathari juu ya mwimbaji mwanamke aliyetoka kuuza vyungu. Miongo michache baadaye Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake Tanzania, kilichoundwa mwaka 1987, kiliita jarida lake Sauti ya Siti.

Bi Kidude alizaliwa katika kijiji cha Mfagimaringo, Unguja, akiwa binti wa muuza nazi. Mwaka wake wa kuzaliwa haukuandikwa, ingawa wengi huuweka katika miaka ya 1910. Alijifunza kwa kumsikiliza Siti, akazishika nyimbo zake, Kijiti ikiwa mojawapo, na akaziimba kwa sauti nzito yenye mikwaruzo ambayo haikufanana hata kidogo na ya mtangulizi wake. Kwa muda mrefu, hata hivyo, watu wa Unguja walimjua zaidi kama mpiga ngoma na kungwi wa unyago, yaani mafunzo ya faragha ambayo wasichana waliofikia utu uzima hupewa kuhusu mwili, ndoa na maisha ya kike. Kazi hiyo ilimpa cheo kikubwa miongoni mwa wanawake, lakini ni cheo ambacho rekodi rasmi hazikuwa na mahali pa kukiandika, na baadhi ya watu wenye msimamo mkali juu ya adabu za mjini walimtazama kwa jicho la shaka, hasa kwa kuwa alivuta sigara na kupiga ngoma ya msondo hadharani bila kumwomba mtu ruhusa.

Kutambuliwa kwake nje ya visiwa kulikuja akiwa tayari bibi kizee. Katikati ya miaka ya 1990 alifanya ziara Uingereza akiwa na Shikamoo Jazz, bendi ya wanamuziki wazee wa Dar es Salaam iliyoanzishwa kwa msaada wa shirika la HelpAge International, ambalo hushughulikia maslahi ya wazee. Baadaye tamasha la Sauti za Busara, lililoanza Ngome Kongwe mjini Zanzibar mwaka 2004, lilimpa jukwaa mbele ya wageni na vijana wa nyumbani. Mwaka 2005 alipokea tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki wa mataifa mbalimbali, ambayo mwaka huo yalifanyika Newcastle, Uingereza. Ni jambo la kusikitisha kwamba tuzo hiyo ya Ulaya ilitangulia ya nyumbani kwa miaka saba, kwani ni mwaka 2012 ndipo Rais Jakaya Kikwete alipomtunuku Nishani ya Sanaa na Michezo. Alifariki dunia tarehe 17 Aprili 2013, na viongozi wakuu wa serikali walikuwa miongoni mwa maelfu waliomzika.

Nishani na mazishi makubwa ni heshima ya kweli na haipasi kubezwa. Kasoro iliyobaki ni kwamba heshima ya namna hiyo haimlishi mwimbaji katika miaka ya kazi, kazi ambayo hufanywa na mirabaha, yaani malipo anayostahili mtunzi au msanii kila kazi yake inapotumiwa kibiashara. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania Bara ilipitishwa mwaka 1999 na ile ya Zanzibar mwaka 2003, wakati Siti alikuwa amekwisha kufa yapata nusu karne na Bi Kidude alikuwa ameimba maisha yake yote. Wapigaji wa udi, fidla na dumbaki waliosimama nyuma ya waimbaji hao wamepata pungufu hata ya hapo, na wengi wao majina yao hayapo katika kumbukumbu yoyote ya umma.

Kizazi cha sasa hakijazitupa sauti hizo. Mwaka 2020 Siti Muharam, kitukuu wa Siti binti Saad, alitoa albamu iitwayo Siti of Unguja, akirudia nyimbo za ukoo wake kwa ala za zamani na za kisasa, na Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilichoanzishwa mjini Zanzibar mwaka 2002 kimefundisha udi na kanuni kwa vijana, wanawake wakiwemo. Pamoja na hayo, santuri nyingi za miaka ya 1920 na 1930 zimevunjika au zimo majumbani, katika makasha ya mabibi na mababu waliozinunua. Familia zenye santuri hizo, picha za makundi ya zamani au daftari za mashairi zinaombwa zisiziuze kwa watalii wala kuzichoma wakati wa kusafisha nyumba, bali zizipeleke katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani, zikiambatanishwa na majina ya wote wanaosikika humo, wapigaji pamoja na waimbaji, maadamu wazee wanaoweza kuyataja wangali hai.