Picha ya Kibanda cha Kinyozi

Kwa miaka mingi, katika kibanda kimoja cha kinyozi hapa Karagita, juu ya kioo, palibandikwa picha iliyokatwa gazetini, ambayo vumbi la barabara ya ziwani liliifubaza hata ikawa hudhurungi: watu wawili wamaliza mbio bega kwa bega, mmoja mrefu na mmoja mfupi, wala asiyejua kisa chake hangetambua kwa mtazamo mmoja ni yupi aliyeshindwa.

Aliyeshindwa ni yule mrefu, Mkenya mwenzetu Paul Tergat, mzaliwa wa Riwo huko Baringo. Mwenziwe ni Haile Gebrselassie wa Ethiopia, na mahali ni Sydney, tarehe 25 Septemba 2000, katika fainali ya Olimpiki ya mita 10,000. Tergat alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika mara tano mfululizo, tangu 1995 hata 1999, na huko Brussels mwaka 1997 alikuwa amezikimbia mita hizo 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 27.85, kasi ambayo hadi siku ile hakuna binadamu aliyekuwa ameifikia. Lakini Atlanta 1996, Athens 1997 na Seville 1999, kila mara Haile ndiye aliyetangulia naye akawa wa pili.

Basi Sydney aliazimu asingoje kufukuzwa. Katika mzunguko wa mwisho alichomoka yeye kwanza, kwa hatua zile ndefu zilizozoea miteremko ya Baringo, akaongoza kona yote na karibu unyoofu wote, hata katika hatua chache za mwisho Haile akampita kwa upande wa nje. Saa ilionyesha dakika 27 na sekunde 18.20 kwa mmoja, na 18.29 kwa wa pili: tofauti ya sekunde 0.09 baada ya kilomita kumi, ilhali siku mbili kabla yake, katika mbio za mita 100, Maurice Greene alimwacha Ato Boldon kwa sekunde 0.12.

Kwa tofauti ndogo namna hiyo, inapobidi kuhukumu kwa kamera, hukumu haitazami kichwa, mkono wala mguu, bali kiwiliwili peke yake. Nayo kamera ya mwisho wa mbio huchukua mstari ule mmoja tu, tena na tena, ikivipanga vipande vyembamba vya wakati kimoja baada ya kingine, ndiyo sababu miguu ya wakimbiaji aghalabu huonekana imepinda mithili ya mshumaa ulioyeyuka.

Siku moja, nikiwa kitini na shuka shingoni, nilimwuliza kinyozi kwa nini ameitundika picha ya siku tuliyoshindwa, na mzee mmoja aliyengoja zamu yake, aliyetumia umri wake kukata maua alfajiri katika mashamba ya hapa, akajibu badala yake: "Tulishindwa, mwanangu. Lakini angalia nani aliyeanza."

Nami naafiki kwa moyo wote. Mwaka 1968 kule Mexico, John Stephen Akhwari wa Tanzania aliingia uwanjani mguu umefungwa bendeji, wa mwisho kati ya waliomaliza marathoni, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, na taswira yake imetukuzwa kwa haki kama taswira ya subira. Ya Tergat ni ya namna nyingine, maana yeye hakuvumilia tu, bali aliyatengeneza mashindano, na lau angejificha nyuma hadi unyoofu wa mwisho, huenda picha ile isingekuwapo kabisa.

Miaka mitatu baadaye, Berlin, alivunja rekodi ya dunia ya marathoni kwa saa 2, dakika 4 na sekunde 55, huku Sammy Korir akimfuata kwa sekunde moja. Na Novemba 2005, New York, yeye na Hendrick Ramaala wa Afrika Kusini walikimbilia utepe bega kwa bega kama wale wawili wa kibandani. Mara hii Tergat ndiye aliyeukata, na Ramaala akaanguka juu ya lami.