Nani Kaituma? Hofu za Kagera na Majirani Zake

Radi ikiua mtu kwenye vilima vya Kanazi, wilayani Ngara mkoani Kagera, msibani hakukosi wa kunong'ona: nani kaituma? Radi ya kutumwa inajulikana magharibi yote ya Tanzania, na wasomi nao huizungumzia kwa sauti ya chini. Maelezo ya kisayansi yapo. Eneo hili limekaa kati ya Ziwa Victoria na milima ya bonde la ufa la magharibi, ambako hewa yenye unyevu hupanda, hupoa na kujenga mawingu marefu yenye umeme mwingi. Utafiti wa takwimu za setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliiweka Kabare, mashariki ya Congo, nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi: mimweko 205 hivi kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Lililoizidi ni Ziwa Maracaibo la Venezuela tu. Januari 2025 radi iliua wanafunzi 7 wa Sekondari ya Businda, Bukombe, katika mkoa jirani wa Geita.

Lakini mfiwa haulizi habari za mawingu. Mwanaanthropolojia Edward Evans-Pritchard alilieleza jambo hili mwaka 1937 katika kitabu chake kuhusu kabila la Wazande. Ghala la nafaka likiwaangukia watu waliojipumzisha kivulini mwake, Mzande anajua fika kwamba mchwa wamekula nguzo. Anachotaka kujua ni kwa nini limeanguka saa ile, juu ya watu wale. Hapo ndipo uchawi unapoingia, kwenye pengo ambalo mchwa hawalijazi.

Pengo hilo liliwahi kuikumba Kagera yenyewe, na kisa chake ni cha ajabu kuliko hadithi zote za bundi na fisi wa wachawi. Tarehe 30 Januari 1962, wiki saba baada ya Uhuru, wasichana 3 wa shule ya bweni ya misheni ya Kashasha, katika Muleba ya leo, walianza kucheka na hawakuweza kujizuia. Kicheko kikageuka kilio, kilio kikageuka fujo. Wengine walidai vitu vinatembea kichwani mwao, wengine waliogopa kwamba kuna mtu anawakimbiza. Hadi shule inafungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wameugua. Waliporudishwa nyumbani walikwenda na ugonjwa huo: huko Nshamba watu 217 walipatwa kati ya Aprili na Mei, wengi wao vijana, na mwezi Juni ikafuata shule ya Ramashenye, karibu na Bukoba. Kashasha ilifunguliwa Mei, ikafungwa tena mwezi uliofuata. Wahaya, wenyeji wa huko, waliuita ugonjwa huo omuneepo.

Madaktari Rankin na Philip, walioandika taarifa yake mwaka 1963, walichunguza damu, maji ya uti wa mgongo na chakula. Hawakuona sumu wala kijidudu. Mitaani watu walikuwa na majibu yao: unga umetiwa sumu, au hewa imechafuliwa na majaribio ya mabomu ya atomiki, ambayo kweli yalikuwa yakifanyika miaka ile. Madaktari walihitimisha kuwa ni msukosuko wa nafsi ulioambukizana, wakaongeza kwamba watu wenye elimu hawakuguswa. Kauli hiyo ina harufu ya kikoloni, kwani waliougua kwanza walikuwa wasichana waliobahatika kupata shule wakati wenzao wengi hawakuipata. Christian Hempelmann, aliyeurudia ushahidi mwaka 2007, alilitazama zaidi shinikizo la maisha ya bweni: mwili uliokosa namna ya kulalamika ukapata namna yake. Wanafunzi wanaoanguka kwa makundi na kusemwa wana mapepo bado huandikwa magazetini.

Kashasha hakufa mtu. Huenda ilisaidia kwamba aliyelaumiwa alikuwa mbali, bomu la mataifa makubwa au mtia sumu asiye na jina.

Usukumani, mashariki ya Kagera, kidole kilielekezwa kwa jirani. Macho mekundu ya bibi kizee, yaliyoungua kwa miaka mingi ya kupikia kuni na samadi, yalisomwa kuwa alama ya mchawi. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ilikuwapo, na mapanga yalikuwapo. Mwanauchumi Edward Miguel alipofanya utafiti huko, wilayani Meatu, uliochapishwa mwaka 2005, aliona jambo ambalo waganga hawakulitaja: katika miaka ya ukame au mafuriko mauaji ya walioitwa wachawi yaliongezeka mara mbili, huku mauaji mengine yakibaki vilevile. Waliouawa walikuwa karibu wote wanawake wazee, na mara nyingi wauaji walikuwa ndugu wa nyumba moja. Hofu ya uchawi ilikuwapo kila mwaka. Njaa ndiyo iliyoipa panga.

Kwa hiyo pendekezo la Miguel halikuwa elimu ya kuondoa ushirikina. Alitaka wazee walipwe pensheni, ili mwaka wa njaa bibi awe mwenye kuleta fedha nyumbani. Zanzibar ilianza mpango wa namna hiyo Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee aliyetimiza miaka 70. Tanzania Bara, kaya maskini zenye wazee zimekuwa zikitegemea ruzuku ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF).